Majina ya Klabu Moja: Tout Puissant Mazembe, Mji wa Migodi na Swali la Bunia

1.0 Utangulizi

Historia za klabu za mpira wa miguu aghalabu huandikwa kama orodha ya makombe. Mwaka hutajwa, mpinzani hutajwa, mabao huhesabiwa, na msomaji huachwa aamini kwamba ushindi ulizaliwa uwanjani na kuishia uwanjani humo humo. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanaichunguza klabu ya Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi, iliyotwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara tano (1967, 1968, 2009, 2010 na 2015), kwa kufuata majina iliyopata kuitwa: Saint-Georges, Saint-Paul, Englebert, Tout Puissant Englebert, na hatimaye Tout Puissant Mazembe. Hoja kuu ni kwamba kila jina linamtambulisha yule aliyekuwa na uwezo wa kuwapa watu wa mjini jina katika kipindi chake. Kwanza alikuwa padre, kisha kampuni, kisha umati wa mashabiki, na baadaye dola.

Hoja ya pili inahusu Bunia, mji mkuu wa Ituri, ulio umbali wa takriban kilomita 1,500 kaskazini ya Lubumbashi. Ituri ilikuwa na dhahabu kama Katanga ilivyokuwa na shaba. Kote kuwili palikuwa na kampuni kubwa ya madini, wamisionari wa Ulaya, na Kiswahili kama lugha ya kukutania. Hata hivyo Bunia haijapata kutoa bingwa wa taifa, sembuse bingwa wa bara. Mtu akilijibu swali hilo kwa kusema tu kwamba vijana wa Lubumbashi wana vipaji zaidi, atakuwa hajajibu kitu. Jibu linapaswa kutafutwa katika namna miji hii miwili ilivyojengwa, na kwa sababu hiyo historia ya klabu inageuka kuwa sehemu ya historia ya kazi, ya makazi na ya lugha.

2.0 Migodi miwili na Kiswahili cha aina mbili

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ukaanzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika hapo. Mwanzoni kampuni ilitegemea vibarua wa mkataba mfupi, wengi wao kutoka Rodesia ya Kaskazini. Walikuja, wakachimba, wakarudi kwao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 sera ilibadilika. Kampuni iliona faida ya kuwa na wafanyakazi wanaodumu, ikawaajiri watu kutoka Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi, ikawaruhusu kuishi kambini na wake zao, na ikawaachia wamisionari kazi ya kuwasomesha watoto wao. Kwa njia hiyo kikazaliwa kizazi cha watoto wa mjini, waliojua kijiji cha baba zao kwa masimulizi tu.

Kizazi hicho ndicho kilichokikuza Kiswahili cha Katanga. Ni kweli kwamba lugha hiyo ilikuwa imefika mapema zaidi pamoja na Wayeke wa Msiri na misafara ya biashara ya karne ya 19. Lakini Johannes Fabian, katika uchunguzi wake wa lugha na mamlaka ya kikoloni uliochapishwa mwaka 1986, ameonyesha kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kama lugha ya kazi na ya mtaani kilishamiri kutokana na mahitaji ya mwajiri na ya misheni katika karne ya 20, na kwamba wenyeji wa mji wakakichukua na kukifanya chao. Ushahidi mzuri wa jambo hili ni historia ya mji iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha watumishi wa majumbani. Iliandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi na watu ambao katika maandishi ya kikoloni walihesabiwa kama mikono ya kazi tu.

Ituri ilifuata mkondo tofauti. Kiswahili kiliingia huko katika nusu ya pili ya karne ya 19 pamoja na wangwana na misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Maniema, na ndiyo sababu Kiswahili cha maeneo hayo kiliitwa Kingwana kwa muda mrefu. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1903. Uchimbaji uliendeshwa kwanza na serikali ya kikoloni, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Kwa hiyo Kiswahili cha Ituri kilitangulia mgodi, ilhali Kiswahili cha mjini huko Katanga kilikuzwa na mgodi. Jambo lililo muhimu zaidi ni kwamba Kilo-Moto ilitawanyika katika kambi zilizo mbalimbali, Kilo, Mongbwalu, Watsa na nyinginezo. Bunia wenyewe haukuwa mji wa mgodi. Ulikua kama kituo cha utawala na cha biashara kati ya Ziwa Albert na msitu, na reli haikuufikia. Wafanyakazi wa dhahabu walikuwa mahali pamoja, soko na ofisi vikawa mahali pengine.

Tofauti hii ndiyo msingi wa yote yatakayofuata. Timu ya mpira inaweza kuundwa popote penye vijana ishirini na uwanda, lakini klabu inayodumu miaka hamsini huhitaji watu wengi wanaoishi pamoja, wanaopata mshahara wa mwezi, na walio na Jumapili.

3.0 Saint-Georges na Saint-Paul: jina la padre

Jumapili hiyo ndiyo iliyowashughulisha wamisionari. Mfanyakazi aliyepewa siku ya mapumziko katika mji mpya angeweza kunywa, kucheza ngoma, au kukaa na wenzake na kulinganisha mishahara. Mapadre Wabenedikto waliokuwa na dhamana ya misheni ya Katanga waliuona mpira kuwa dawa ya hatari zote tatu. Padre Grégoire Coussement alikuwa ameanza kuandaa mashindano ya Waafrika mjini Élisabethville tangu miaka ya 1920. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa: kati ya mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, ulioitwa Cité Albert na baadaye Kamalondo, ukaachwa ukanda mtupu wa upana wa takriban mita 700. Mpira wa Waafrika ulichezwa ng'ambo ya ukanda huo, chini ya mashirikisho yaliyobeba sifa ya "wenyeji" katika majina yake.

Katika mazingira hayo, mwaka 1939, Wabenedikto wa Taasisi ya Saint-Boniface waliunda timu kwa ajili ya wanafunzi wasiokusudia kuwa mapadre. Waliipa jina la Mtakatifu Georges, msimamizi wa maskauti. Timu iliingizwa moja kwa moja katika daraja la kwanza la mashindano ya Waafrika mjini humo, ikamaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya tatu. Mwaka 1944 jina likabadilishwa kuwa Saint-Paul. Uamuzi wa kubadili jina la mtakatifu mmoja na kuchukua la mwingine ulikuwa wa mapadre, kama ulivyokuwa uamuzi wa kwanza. Wachezaji walipewa jezi, kanuni na jina kwa pamoja.

Mnamo mwaka ule ule wa 1939 ilianzishwa pia Saint-Éloi Lupopo, klabu iliyoegemea wafanyakazi wa reli, na ambayo hadi leo wafuasi wake huitwa kwa Kifaransa "Cheminots", yaani watu wa reli. Mtakatifu Éloi ni msimamizi wa mafundi wa chuma. Hivyo pambano la watani wa jadi la Lubumbashi lilikuwa tangu mwanzo pambano la watakatifu wawili, na nyuma ya watakatifu hao walisimama shule na karakana.

Haifai, hata hivyo, kuuchora mpira wa kipindi hiki kama mchezo wa utulivu tu. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, kwani bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita. Wagomaji wa Élisabethville walikusanyika katika kiwanja cha mpira. Tarehe 9 Desemba Gavana Amour Maron alifika hapo akifuatana na askari. Msemaji wa wafanyakazi, Léonard Mpoyi, alipigwa risasi na kufa, na askari wakaufyatulia umati. Makumi ya watu waliuawa. Kiwanja kilichotengwa ili wafanyakazi wasahau mshahara kiligeuka mahali walipoudai, na walipofia. Baada ya siku hiyo hakuna mkazi wa mji ambaye angeweza kukiona kiwanja cha mpira kuwa ni kiwanja cha mpira tu.

4.0 Englebert: jina la tairi, na sifa iliyotolewa na umati

Miaka michache baada ya mabadiliko ya 1944, wamisionari waliacha uongozi wa klabu. Nafasi yao ya kutoa jina ikachukuliwa na mfadhili. Klabu ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza matairi. Kutoka kwa mtume Paulo hadi kwenye tairi la gari ni safari ndefu, lakini inaeleza mabadiliko ya mji wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili biashara ilipanuka, magari yakaongezeka, na Waafrika wenye mishahara wakaanza kuhesabiwa kama wanunuzi. Ni katika miaka hiyo pia, 1949 na 1950, ambapo timu teule ya Waafrika wa Katanga ilipambana na timu ya Waafrika wa Johannesburg. Mji mmoja wa migodi ulikuwa ukijipima nguvu na mwingine.

Klabu kubeba jina la kampuni si jambo la Afrika peke yake. Klabu ya PSV ya Eindhoven, nchini Uholanzi, ilianzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha Philips, na herufi ya kwanza ya jina lake ni ya kampuni hiyo hadi leo. Ulinganisho huu una faida kwa sababu unafichua tofauti. Philips ilizaliwa Eindhoven na kuukuza mji huo. Mfanyakazi aliyeishangilia PSV alishangilia kitu kilichotoka kwake, hata kama hakumpenda msimamizi wake kazini. Englebert haikuzaliwa Katanga. Jina lake lilikuwa tangazo lililobandikwa juu ya vifua vya vijana wa Kamalondo, na tangazo huweza kubanduliwa.

Wakati huo huo mpira wa Kongo ulikuwa ukiingia katika siasa waziwazi. Tarehe 16 Juni 1957, mjini Léopoldville, timu ya Waafrika ilicheza na Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji. Mwamuzi Mbelgiji alikataa mabao ya wenyeji, na baada ya mchezo watu wakayarushia mawe magari ya Wazungu. Tarehe 4 Januari 1959, maelfu ya watazamaji waliokuwa wakitoka uwanjani, ambako V. Club ilikuwa imefungwa na Mikado, walijiunga na wafuasi wa chama cha ABAKO waliokuwa wamenyimwa mkutano wao. Machafuko ya siku hizo yaliharakisha uhuru, uliopatikana tarehe 30 Juni 1960.

Uhuru ulipofika, Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, na kujitenga huko kukadumu hadi Januari 1963. Klabu ilipita katika misukosuko hiyo ikiwa bado na jina la tairi. Mwaka 1966 Englebert ilitwaa ubingwa wa taifa, kombe la nchi na kombe la Katanga kwa pamoja, na ubingwa wake ikaupata bila kufungwa hata mchezo mmoja. Hapo ndipo ilipoongezewa sifa ya "Tout Puissant", maana yake mwenye uwezo wote. Kwa mara ya kwanza sehemu ya jina ilitokana na kazi ya wachezaji wenyewe na sauti ya waliowatazama. Inafaa kuzingatiwa kwamba katika sala za Kifaransa, kama lilivyo neno "Mwenyezi" katika Kiswahili, sifa hiyo ni ya Mungu. Timu iliyoanza kwa jina la mtakatifu aliyechaguliwa na mapadre ilijitwalia, bila kumwomba padre yeyote ruhusa, sifa iliyo juu ya watakatifu wote.

5.0 Mabingwa wa Afrika chini ya dola mpya

Joseph-Désiré Mobutu alikuwa ameshika madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka 1966 Élisabethville uliitwa Lubumbashi, na tarehe 1 Januari 1967 Union Minière ikataifishwa. Mwaka huo wa 1967 Englebert ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mchezo wa Kumasi uliisha 1-1, na wa Kinshasa 2-2. Mchezo wa tatu ulipangwa kufanyika Yaoundé, Kotoko haikutokea, na kombe likaenda Lubumbashi. Mwaka 1968 hapakuwa na ubishi wa namna hiyo: Étoile Filante ya Lomé ilifungwa 5-0 katika mchezo wa kwanza, na ushindi wake wa 4-1 katika marudiano haukutosha. Englebert ikawa klabu ya kwanza kulitetea kombe hilo kwa mafanikio. Ilicheza fainali nyingine mbili mfululizo, ikashindwa na Ismaily ya Misri mwaka 1969 na Asante Kotoko mwaka 1970. Kufika fainali nne katika miaka minne ni jambo ambalo mashabiki wa zamani hulitaja kabla ya makombe yenyewe.

Dola haikuacha sifa hizo zipotee bure. Timu ya taifa ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968 nchini Ethiopia kwa kuifunga Ghana 1-0, na bao hilo lilifungwa na Pierre Kalala wa Englebert. Serikali iliyokuwa ikitafuta namna ya kuunganisha nchi iliyopasuka ilipata katika mpira kile ambacho hotuba hazikuweza kukipata: Mkatanga aliyefunga bao, na Kinshasa nzima ikamshangilia.

Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire, na siasa ya uhalisia ikaanza kudai kwamba watu, mito, miji na vyama viache majina ya Ulaya. Englebert ikawa Mazembe. Kwa jina hilo klabu iliondokana na kampuni ya matairi, lakini msukumo ulitoka juu, kama ulivyotoka kwa mapadre mwaka 1939. Hata hivyo agizo hilo halikufutilia mbali kila kitu. "Tout Puissant", sifa iliyotolewa na umati, ilibaki katika Kifaransa chake mbele ya jina jipya, na mpaka sasa klabu inaitwa kwa lugha mbili. Katika jina hilo moja agizo la dola na kumbukumbu ya mashabiki vimelazimika kuishi pamoja.

Mwaka 1973 Tshimen Bwanga wa Mazembe alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika, na mwaka huo huo Vita Club ya Kinshasa ikatwaa ubingwa wa klabu za Afrika. Mwaka 1974 Zaire ilichukua tena Kombe la Mataifa, kisha ikaenda Ujerumani Magharibi kama nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Ilifungwa na Uskochi 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazili 3-0. Kipa Robert Kazadi Mwamba wa Mazembe alitolewa katika mchezo wa pili kabla ya nusu saa kutimia, Zaire ikiwa tayari imefungwa mabao matatu. Baada ya aibu hiyo mkono wa dola uliokuwa umenyooshwa kwa wachezaji ukarudishwa.

6.0 Ukame na ufufuo

Mazembe ilipata kombe jingine la Afrika mwaka 1980, lile la washindi wa makombe ya taifa, kwa kuishinda Africa Sports ya Abidjan. Baada ya hapo ukafuata ukame wa karibu miaka thelathini. Sababu yake haikuwa uwanjani. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mnamo Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Kati ya mwaka 1992 na 1994 watu wenye asili ya Kasai, ambao wazazi na babu zao waliletwa na kampuni, walifukuzwa Katanga kwa maelfu. Mji ambao mpira wake ulijengwa na watu wa kila kabila ulikuwa ukiwatoa watu wake wenyewe kwa treni.

Mwaka 1997, mwaka wa kuanguka kwa Mobutu, mfanyabiashara Moïse Katumbi alichukua urais wa klabu. Utajiri wake, uliohusiana na biashara na kazi za migodini, ulichukua nafasi iliyokuwa ya misheni, ya kampuni ya matairi na ya dola. Mwaka 2009 Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa dhidi ya Heartland ya Nigeria kwa faida ya bao la ugenini, na mwaka 2010 ikaifunga Espérance ya Tunis 5-0 katika mchezo wa kwanza wa fainali na kutoka sare 1-1 katika wa pili. Mwezi Desemba mwaka huo, mjini Abu Dhabi, iliifunga Pachuca ya Meksiko 1-0 na Internacional ya Brazili 2-0, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Tarehe 18 Desemba Inter ya Milano ilishinda fainali hiyo 3-0. Kipa Robert Kidiaba, aliyeshangilia mabao ya wenzake kwa kurukaruka akiwa ameketi chini, alionekana duniani kote.

Mwaka 2011 klabu ilifungua uwanja wake huko Kamalondo, katika mtaa ule ule uliotengwa zamani na ukanda wa mita 700. Mwaka huo pia historia yake ilikutana na ya Afrika Mashariki. Mazembe iliitoa Simba ya Dar es Salaam, Simba ikakata rufaa kuhusu uhalali wa mchezaji Janvier Bokungu, na mabingwa wa Afrika wakaondolewa mashindanoni. Simba ilipewa nafasi ya kucheza na Wydad ya Casablanca mjini Cairo, ikafungwa 3-0. Ugomvi huo haukuzuia Mbwana Samatta kuhama kutoka Simba kwenda Mazembe mwaka huo huo, na Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu naye akajiunga na klabu hiyo. Walifika katika mji ambamo lugha yao ilikuwa tayari lugha ya mtaani, ingawa kwa lafudhi na msamiati mwingine. Mwaka 2015 Samatta alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wa Ligi ya Mabingwa kwa mabao 7, Mazembe ikaishinda USM Alger nyumbani na ugenini, naye akatajwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Zikafuata Kombe la Shirikisho la mwaka 2016 na la 2017, la pili likiongozwa na kocha Pamphile Mihayo, mchezaji wa zamani wa klabu. Mwaka 2024 timu ya wanawake ya Mazembe nayo ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake kwa kuifunga AS FAR ya Morocco 1-0. Katika klabu iliyoanzishwa kwa ajili ya wavulana wa shule ya mapadre, hilo si jambo dogo.

Ufufuo huu una upande wake mgumu. Katumbi alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, akaachana na Rais Joseph Kabila, akaishi uhamishoni tangu 2016 hadi Mei 2019, na akagombea urais wa nchi mwaka 2023. Kwa hiyo kuvaa jezi nyeupe na nyeusi kumekuwa nyakati fulani ni kusema jambo la kisiasa, apende mvaaji asipende. Klabu inayomtegemea mtu mmoja hufaulu haraka, lakini huwa na hofu ambayo PSV, yenye miji na viwanda nyuma yake, haina.

7.0 Swali la Bunia

Sasa swali la mwanzo linaweza kujibiwa. Lubumbashi ilikuwa na vitu vinne mahali pamoja: wafanyakazi wanaodumu, shule ya misheni, reli iliyowaleta wapinzani, na mwajiri au tajiri aliyetaka jina lake lisikike. Ituri ilikuwa na dhahabu nyingi, lakini vitu hivyo vilitawanyika. Kambi za Kilo-Moto zilikuwa na wafanyakazi bila mji, na Bunia ulikuwa mji bila mgodi wake. Kadhalika dhahabu, tofauti na shaba, huweza kubebwa mfukoni. Kampuni ilipodhoofika, uchimbaji uliangukia mikononi mwa wachimbaji wadogo, na faida yao ikavuka mpaka bila kuacha mjini kiwanja, jukwaa wala mfadhili.

Kisha vikaja vita. Kati ya mwaka 1999 na 2003 mapigano ya Ituri yaliua makumi ya maelfu ya watu, na Bunia ukapita kutoka mikono ya kundi moja hadi nyingine, mpaka Umoja wa Ulaya ulipoleta kikosi chake mnamo Juni 2003. Mitaa ilitengana kwa misingi ya kabila. Katika mji wa namna hiyo timu ya mtaa hubeba mzigo usio wake, kwani jina la mtaa huwa ni jina la kabila kwa mlango wa nyuma. Inawezekana kwamba hapo ndipo ilipo sehemu ya mvuto wa Mazembe na Vita Club kwa vijana wa miji ya mashariki: klabu ya mbali si ya Mhema wala ya Mlendu. Wawili wasioweza kukubaliana juu ya ardhi wanaweza kukaa mbele ya redio moja na kumshangilia Mputu. Redio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kutangaza kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine nne, na redio za mjini Bunia, zimekuwa daraja la umoja huo mdogo.

Lakini umoja wa kuazima una mipaka yake. Kijana wa Bunia anayeyajua majina ya mashujaa wa 1968 na hajui ni nani walicheza katika kiwanja cha mji wake miaka hiyo hiyo, amepewa historia ya wengine badala ya yake. Wazee waliocheza katika kambi za dhahabu na katika timu za shule za misheni wanazidi kupungua. Wanafunzi wa vyuo vya Bunia wanayo lugha ambayo wazee hao wanaitumia, na hilo ni jambo ambalo mtafiti wa mbali hulipata kwa taabu. Kuwahoji kwa Kiswahili chao, bila kukisahihisha, kuandika majina ya timu zao na kuuliza kila jina lilitolewa na nani, ni kazi isiyohitaji fedha nyingi. André Yav na wenzake waliifanya kwa ajili ya mji wao mwaka 1965 wakiwa watumishi wa majumbani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba majina ya klabu moja ya Lubumbashi ni kumbukumbu ya mamlaka zilizopishana juu ya watu wa mjini. Padre alitoa jina la mtakatifu, kampuni ikatoa jina la bidhaa, dola ikatoa jina la uhalisia. Katikati ya hayo yote umati ulitoa neno moja tu, sifa ya mwaka 1966, na ndilo lililodumu kupita yote yaliyolitangulia. Ituri haikupata mji wa kuyakusanya mambo hayo pamoja, lakini haikukosa watu waliocheza wala majina waliyojiita. Majina hayo yangalipo midomoni mwa wazee wachache. Yakikusanywa mapema, historia ya mpira wa Kongo itaacha kuwa historia ya Kinshasa na Lubumbashi peke yake.